Ningalimwacha Aje Alhamisi

(Haya niliyasema kwa mdomo mwezi Mei, jijini Mwanza, mbele ya watu kama arobaini waliokuja kuzungumza juu ya vitabu. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka, ila nimeondoa pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.)

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za jioni. Na ninyi vijana mlioniamkia mlangoni, marahaba. Naona mmekimbilia viti vya nyuma kama mlivyozoea darasani.

Mwenyeji wetu aliniomba nizungumzie faida za kusoma. Nikamwambia, mama, hotuba hiyo nimeitoa miaka 31, kila mwanzo wa muhula, na sina ushahidi kwamba iliwahi kumfanya mtoto hata mmoja afungue kitabu. Kwa hiyo leo nitasimulia jambo moja tu. Nilibeba kifo cha mdogo wangu kwa zaidi ya miaka 20, nikiamini kwamba mimi ndiye niliyemuua, na vitabu vikanisaidia kuutua mzigo ule. Sikuutua wote. Kuna kipande nilichobaki nacho, na kipande hicho nimeamua kukaa nacho kwa sababu ni changu kweli. Nitafika huko.

Wenyeji wa hapa nikisema Mei 1996 mmeshaelewa.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepanga vyumba viwili Kirumba. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anakaa na Mama upande wa Muleba, na kwa maoni yangu ya wakati ule alikuwa hafanyi lolote ila kucheza mpira. Nikamtafutia kibarua kwenye kiwanda kimoja cha samaki. Mnakumbuka sangara alivyokuwa miaka ile: minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na mji mzima unanuka pesa na mapanki. Nafasi ya kibarua hukuipata bila kujuana na mtu. Mimi nilijuana na msimamizi mmoja, akaniambia kijana aripoti Jumatano asubuhi, asipofika nafasi anapewa mwingine.

Mdogo wangu alikuwa ameshanitumia salamu kwamba atakuja Alhamisi. Sababu? Jumatano kijiji chao kina mechi.

Simu za mkononi hatukuwa nazo. Nikachana karatasi katikati ya daftari la mazoezi, nikaandika barua fupi, nikampa mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anapanda meli kwenda kufuata ndizi. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Ilisema: Achana na mpira. Panda meli ya Jumatatu. Wenzako wanatafuta kazi, wewe unatafuta mechi. Kama umeamua kuwa mzigo, baki huko uwe mzigo wa Mama.

Ndani nikakunja nauli ya daraja la tatu.

Jumatatu, tarehe 20, akapanda MV Bukoba pale Kemondo. Jumanne asubuhi, meli ikiwa imekaribia kabisa mji huu, ikalala ubavu, kisha ikapinduka. Siwezi kuwaambia kwamba habari zilinikuta nikifundisha jambo lenye maana kubwa. Hadithi ingenoga, lakini nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili kuhusu "Siku Nisiyoisahau", na nusu yake zilikuwa za harusi ya shangazi.

Meli ile ilitengenezwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa. Waliokufa walizidi 800. Meli ilikaa muda juu ya maji, tumbo likiangalia mbinguni, na ndani kulikuwa na watu hai wanaogonga chuma. Wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama. Nisamehe mzee wangu hapo mbele, najua wewe ulikuwepo. Nitapita haraka.

Mdogo wangu hatukumpata wa kumtambua. Kwenye karatasi hayumo, kwa sababu nauli niliyomtumia ilikuwa ya daraja lisiloandikwa majina. Kama yuko Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa na meli ile, pamoja na wenzake, basi yuko huko, na mimi kila nikienda husimama tu katikati, sielekei kaburi lolote.

Sasa nirudi kwenye kazi yangu, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili na ugonjwa wangu nao ulikuwa wa Kiswahili.

Waliopita mikononi mwangu watakumbuka somo la -nge- na -ngali-. Nilikuwa nachora mlango ubaoni. -Nge-, mlango umerudishwa tu, ukisukuma unafunguka: ningepata nauli ningesafiri, na huenda kesho nikaipata. -Ngali-, mlango umepigwa misumari: ningalipata nauli ningalisafiri, lakini sikuipata na meli imeshaondoka. Siku hizi watu wanazichanganya na wataalamu wengine wanasema si kosa. Sibishani nao. Ila muulizeni mtu aliyefiwa kama hizo mbili ni kitu kimoja.

Sentensi yangu ilikuwa hii: Ningalimwacha aje Alhamisi, asingalikufa.

Niliamka nayo na kulala nayo. Na tatizo lake ni kwamba haina kosa. Mwanafunzi angeniletea ningempa vema, kwa wino mwekundu. Ni kweli tupu. Basi ikawa inanisuta. Kwenye mitaa ya pwani, mtu akienda kukusuta anakuja na mashoga zake na tarumbeta, mtaa mzima unatoka kutazama, na baada ya saa moja yamekwisha, kila mtu kwake. Nafsi ikikusuta haiji na tarumbeta, na haina kwake pa kurudi.

Watu wema walijaribu. Waliniambia ni kazi ya Mungu. Ninaamini hivyo, lakini mtu anayeamini kwamba yeye ndiye alikuwa mkono ulioitenda hiyo kazi hapati usingizi kwa kuambiwa ni kazi ya nani. Waliniambia usijilaumu. Hilo ni sawa na kumwambia mwenye kwikwi asiwe na kwikwi. Nilinunua pia vile vitabu vya kujisamehe, vya mtumba, pale Makoroboi, vyenye jua linalochomoza kwenye jalada. Vilikuwa na haraka sana. Sura ya kwanza unalia, sura ya tatu umeshasamehewa, sura ya nne unafundishwa kutajirika. Sisemi havifai kwa kila mtu, ila mimi nilivigawa.

Usomaji ulionisaidia mwanzoni wala haukuwa wa vitabu. Nilianza kukata magazeti. Kila habari ya meli ile, ya wakati ule na ya miaka iliyofuata, niliibandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Mke wangu aliogopa, akadhani naelekea kurukwa na akili. Nikaomba na vitabu vya fizikia kwa mwalimu mwenzangu nielewe maana ya chombo kupoteza mizania. Alinifafanulia kwa sahani na birika. Uzito ukikaa chini, chombo kikiinama kinarudi chenyewe. Ukipanda juu, watu wakajaa sitaha za juu na mizigo ikapangwa popote, kinafika mahali kikiinama hakirudi, hata maji yakiwa yametulia kama ya kwenye beseni. Aliinamisha birika mpaka chai ikamwagika kwenye madaftari ya watoto.

Mnaona kilichotokea? Sentensi yangu ilikuwa na mtenda mmoja tu. Nani alitenda? Mimi. Kadiri nilivyosoma, watenda wakaongezeka. Yumo aliyekata tiketi ya mtu wa 431. Yumo aliyeona daraja la tatu si la kuandikwa majina. Yumo aliyeitazama meli ikiwa imejaa pale gatini akasema iende. Wamo waliotoboa kwa nia njema. Mimi nimo, na barua yangu, lakini niko pembeni sana, mtu aliyemwambia ndugu yake apande chombo cha usafiri cha halali, chenye tiketi na bendera, ambacho watu walikuwa wanakipanda kila wiki.

Nilipata pia, katika kitabu kimoja cha saikolojia cha chuo cha ualimu, habari za mtafiti Baruch Fischhoff. Mwaka 1975 alionyesha kwamba mtu akishaambiwa jambo lilivyoisha, huamini kwamba hata kabla lilikuwa linaonekana wazi kuwa litaisha hivyo. Akili inachukua ilichokijua Jumanne inakirudisha Jumamosi, halafu inakushtaki kwa nini Jumamosi hukukijua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakusema mjukuu huyo akishakuja atakuaminisha kwamba ulimwona tangu yuko tumboni.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilipona. Hapana. Mchana nilikuwa nimeelewa yote, naweza kusimama kama hivi nikafundisha. Saa nane za usiku daftari la kaunta halikuwa na faida yoyote.

Kitabu cha kwanza kilichonifikia usiku kilitoka kwenye sanduku la vitabu vya msaada lililoletwa shuleni. Nilikichukua kwa sababu ya jina. Kwa Kiswahili tungeliita Waliozama na Waliookoka. Nilidhani ni cha meli. Hakikuwa cha meli. Mwandishi wake ni Primo Levi, Mwitaliano, mkemia, Myahudi aliyepelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz akatoka hai. Kilitoka kwao mwaka 1986, mwaka mmoja kabla hajafa. Nilikisoma kwa Kiingereza, kamusi mkononi, kurasa tatu kwa usiku.

Kuna mahali anasimulia kiu. Ni Agosti 1944, joto kali, wafungwa hawana maji ya kunywa. Yeye ametumwa kufukua kifusi kwenye chumba cha chini ya ardhi. Anaona bomba ukutani, lina bilula, na ndani yake kuna maji, labda lita moja. Anawaza. Anywe yote? Ayaweke ya kesho? Awaambie wote? Anaamua kumwambia rafiki yake mmoja, Alberto. Wanalala chini ya bomba kwa zamu, wanakunywa kwa siri matone yote. Wakiwa njiani kurudi kambini yupo mwenzao mwingine, Daniele, midomo imempasuka, vumbi la saruji limemjaa, na aliwaona wamelala pale. Akaelewa. Miezi mingi baadaye, vita imekwisha, wako huru, Daniele anamuuliza: kwa nini ninyi wawili, na mimi je?

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi mpaka adhana ya alfajiri.

Nilikuwa nasubiri Levi aseme kitu. Aseme hakuwa na kosa, maana lita moja kwa watu wote ingekuwa nini? Au aseme alikuwa na kosa. Hasemi. Anasema hakuweza kuamua wakati ule na bado hawezi kuamua kama aibu ile ilikuwa ya haki, ila ilikuwepo na bado ipo, nzito, inashikika. Miaka yote ile watu wote walikuwa wakinivuta upande mmoja, una kosa, huna kosa, mimi mwenyewe nikiwa mwendesha mashtaka. Huyu mtu aliyepita kwenye moto ambao mimi siujui alikuwa amekaa na swali lake bila kulitolea hukumu, akaliandika vizuri, kwa utulivu, hadi sisi wengine tukaliona lilivyo. Usiku huo kwa mara ya kwanza nilimwaza mtu mwingine badala ya kujiwaza mimi. Nilimwaza Daniele.

Sifananishi misiba. Kambi ile na ajali yetu ni mambo mawili mbalimbali, na mtu akiyaweka kwenye mizani moja anakosea. Nasema tu kwamba maneno ya mtu wa mbali yanaweza kukuonyesha umbo la kitu kilicho chumbani mwako.

Kitabu cha pili ni chetu. Nilikisoma nikiwa mtoto, nikakisoma tena nikiwa mstaafu, na mara hii nilikisoma kwa sauti. Mama alikuwa amepata mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yeye ndiye aliyekuwa akituomba: nisomeeni. Nilikwenda kukaa naye Muleba miezi miwili. Jioni, baada ya kula, naweka taa ya sola juu ya kabati, nasoma, yeye amelala chali, kitenge kifuani. Tulianza na Biblia, ikafika zamu ya Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kile kilichotoka 1952.

Wengi mnakijua. Adili ni liwali wa Janibu, mtu mwema, anasifika. Mgeni wa mfalme amelala kwake, usiku anasikia kishindo. Anachungulia. Anamwona mwenyeji wake, mtu yule mpole, amewatoa manyani wawili, anawachapa kiboko. Anachapa huku analia. Akimaliza anawafuta machozi, anawakumbatia, anawalisha chakula chema. Kesho usiku vilevile. Manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini. Jini ndiye aliyewageuza, na ndiye aliyemwamuru Adili awachape kila usiku, hana hiari.

Nilipokuwa mdogo niliwaonea huruma manyani. Jioni ile pale Muleba sauti ilinikwama nikasingizia taa. Maana nilimwona mtu anayetoka kazini kila siku akiwa na heshima zake, mwalimu, mzee wa kanisa, halafu usiku anafungua mlango wa ndani. Nilikuwa najua uzito wa kile kiboko. Kwangu mimi tofauti ilikuwa kwamba mchapaji na nyani walikuwa mtu mmoja.

Mama akauliza, "Anawachapa mpaka lini?"

Nikasema, "Mpaka mfalme Rai aingilie kati, Mama. Bado hatujafika."

Akanyamaza kitambo. Nikadhani amelala, nikaanza kufunga kitabu. Akasema, "Ile barua yako hukuwahi kuniuliza iko wapi."

Miaka 20 na zaidi, sikuwahi hata kujua kwamba anajua kuna barua.

Akanieleza. Barua ilifika Jumapili. Mdogo wangu aliisoma, akakasirika, akaitupa uani, akasema hatakuja Jumatatu, atakuja Alhamisi kama alivyosema, na kama kazi imepotea ipotee. Ndivyo alivyolala: amekataa. Barua yangu ilikuwa imeshashindwa. Jumatatu asubuhi Mama ndiye aliyemwamsha. Alimpikia, akamfungia mkungu wa ndizi aniletee, akamwambia, nenda mwanangu, kaka yako asiaibike mbele za watu. Mtoto akagoma. Mama akamsindikiza mpaka barabarani ili ahakikishe amepanda gari la Kemondo. Gari la kwanza likawa limejaa. Mdogo wangu akacheka, akasema unaona, hata Mungu hataki. Mama akasimama naye mpaka likaja la pili.

"Nilisimama naye," akasema. "Ningalirudi nyumbani kupika."

Alisema ningalirudi. Mama hakusoma zaidi ya darasa la pili, na Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya kwetu, lakini kiambishi kile alikipatia.

Nitakiri jambo. Kwa muda kama wa dakika moja nilifurahi. Nilihisi kifua kimefunguka: kumbe si mimi, ni yeye. Halafu nikamtazama amelala pale, macho yana utando mweupe, ameyaelekeza darini. Nikaelewa kwamba kila nilipokuja likizo na kulala chumba cha pili, kulikuwa na watu wawili nyumba ile, kila mmoja na kiboko chake, tumetenganishwa na ukuta wa tofali, na asubuhi tunaamkiana vizuri, tunakunywa chai.

Nikamwambia, "Mama, ungalijuaje?" Lilitoka lenyewe, sikulitafuta. Sikumpa sababu kumi. Sikumwonyesha daftari la kaunta. Akaushika mkono wangu akasema, "Na wewe je?" Basi tukabaki hivyo. Jioni iliyofuata tulimaliza kitabu; mfalme akaingilia, ndugu wakarudi kuwa watu. Mama akasema huyo mfalme amechelewa sana.

Barua alikuwa nayo. Aliiokota uani siku ileile, akaiweka kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga za msiba. Mjukuu wake akaitoa. Karatasi imekuwa ya njano, mikunjo inakatika, lakini mwandiko ni wangu, mzuri, wa mwalimu. Nikaisoma. Mistari miwili ya kwanza haina neno. Mtu anamwita ndugu yake kazini. Mstari wa tatu ni kejeli. Mstari wa nne, ule wa mzigo wa Mama, niliusoma mara mbili kwa sauti, na Mama akasema, "Hapo ulimwumiza."

Kweli. Hapo nilimwumiza. Angefika salama, angeshuka gatini na mkungu wake wa ndizi, bado ningekuwa na deni la kumwomba radhi kwa mstari ule. Haukuua mtu. Ulikuwa ukatili mdogo wa kaka anayetaka kuonekana mkubwa. Na kwa miaka yote ile sikuwahi kuujutia! Nilikuwa nashughulika kujutia kuzama kwa meli, jambo nisilokuwa na uwezo nalo, deni kubwa kiasi kwamba hakuna wa kunidai, na nyuma yake deni langu halisi limekaa kimya, dogo, lenye jina langu na mwandiko wangu.

Hicho ndicho kipande nilichosema nimebaki nacho. Niliomba radhi, migombani, peke yangu, kwa sauti, nikijiona mjinga kidogo. Sikusikia chochote. Lakini deni la namna hiyo mtu anaweza kuishi nalo. Linanifaa hata sasa: nikitaka kumwandikia kijana wangu ujumbe mkali kwenye simu, nafika mstari wa tatu naacha.

Mmoja wenu aliniuliza pale mlangoni, je, asome kitabu gani, ana jambo linamsumbua. Sijui, mwanangu, siwezi kutoa vitabu kama dozi ya malaria, kutwa mara tatu. Wapo Wazungu walioipa tiba hii jina tangu 1916, na huko kwao yapo mahali daktari anakuandikia kitabu. Mimi niliyoyaona ni haya. Kitabu kinachokuambia haraka kwamba huna hatia, kiweke pembeni kwanza. Tafuta kitakachokusimulia habari za mtu mwingine mpaka mwisho wake. Na kama unaye wa kusomea kwa sauti, msomee, maana peke yangu nisingaliyapata yale ya Mama hata ningalisoma maktaba hii yote. Kama usiku umekuwa mrefu mno, hulali, huli, umeanza kuwaza kujidhuru, hapo usingoje kitabu. Nenda hospitali, sema na mtu leo hii.

Nimalizie na jambo lililotokea baada ya hapo. Nilikuwa bado Muleba. Siku moja nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza mafuta ya taa njia panda, nikasikia zamani alicheza mpira. Nikamuuliza kama alicheza na mdogo wangu. Akaacha kupima mafuta. Akasema mechi ile ya Jumatano haikuchezwa, kijiji kizima kilikuwa kwenye redio. Nikamuuliza, alikuwa anacheza namba ngapi? Maana nilikuwa nimekaa na kifo chake miaka yote hiyo, barua naijua kwa moyo, uzito wa meli naujua, na sikuwahi kumwona mdogo wangu akicheza hata mara moja.

Mzee akacheka. Akasema, kumi na moja, winga ya kushoto, lakini mguu wake ni wa kulia, kwa hiyo kila akifika kibendera alikuwa lazima ageuke kwanza, na kocha alikuwa anamtukana kila mechi, naye hageuzi tabia. Akatoka nje ya kibanda, na ndala zake, dumu bado mkononi, akanionyesha alivyokuwa anageuka.